Tangi Lililomjua Oresta

Kila Nolasko Sikazwe aliposafiri, tangi la Kalembwe lilizaa vizuri kuliko alipokuwa nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuligundua jambo hilo, na tangu siku aliyoligundua hakupata tena usingizi wa mtu mwenye amani.

Alikuwa dereva wa lori la ushirika. Kazi yake ilikuwa kuteremka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, akakusanye mabua ya mahindi, magunzi na pumba za mpunga, kisha ayapandishe hadi mjini kwa barabara ya mteremko. Mafuta ya kuchimbwa yalikuwa yameacha kufika Ufipa tangu yeye akiwa kijana. Sasa kila kilichozunguka mjini Kalembwe kilizungushwa na mabua: mashine za kusaga, matrekta, pikipiki, jokofu la chanjo, jenereta ya chumba cha upasuaji. Mabua yalikatwakatwa, yakapikwa kwa mvuke mpaka yakawa uji mzito wa rangi ya tope, uji ukaingizwa kwenye tangi, na humo ndani chachu ikaula na kutoa spiriti. Masalia meusi yaliyotuama chini yalitengenezwa gundi na rangi ya mabati. Hakuna kilichotupwa.

Madereva wote walikuwa na mshale wa kipimo cha tangi kwenye simu zao, ili wajue kama watakuta spiriti ya kujaza wakirudi. Wenzake waliutupia jicho mara moja, wakarudisha simu mfukoni. Nolasko aliutazama kila aliposimama. Aliuona ukianza kupanda akishavuka daraja la kwanza, ukizidi kupanda akiwa kwenye kona za mteremko. Akirudi nyumbani, akaoga, akala ugali wake kwa samaki, akalala kitandani kwake, asubuhi mshale ulikuwa umeshuka.

Na mlezi wa tangi lile alikuwa mke wake.

*

Chachu ya Kalembwe ilitokana na vijidudu vya tumbo la mchwa. Ilikuwa hodari wa kula mabua, lakini dhaifu mno mbele ya uchafu. Uozo wowote uliopita hewani uliweza kuivamia na kuiua. Kwa hiyo walioiunda waliipa namna ya kumjua mtu mmoja. Mlezi alitia mkono wake mtupu ndani ya tangi asubuhi na jioni, hadi kwenye kiwiko, akauacha humo mpaka chachu ionje jasho lake. Ikishamwonja ilitulia, ikafanya kazi, ikazuia wageni. Akitia mkono mtu mwingine, iliganda kama maziwa yaliyoharibika, na ilichukua msimu mzima kumzoea mlezi mpya.

Oresta aliifanya kazi hiyo tangu binti yao, Kasiana, alipokwenda shule ya bweni. Alirudi nyumbani akinukia togwa iliyochachuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa laini na mweupe kidogo kuliko wa kushoto, na Nolasko, ambaye zamani aliupenda mkono huo, sasa hakupenda kuushika.

"Umechelewa leo, Mama Kasiana."

"Chachu ilikuwa imelegea. Nikaona nikae nayo kidogo."

"Inalegea kila nikirudi."

Oresta alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa. "Nani kasema?"

"Mshale."

"Mshale unapima spiriti, Baba Kasiana. Haunipimi mimi."

Lakini mji mzima ulijua kwamba unampima. Oresta alipougua malaria, mashine za kusaga zilisimama. Alipofiwa na baba yake, tangi lilienda ovyo mpaka arobaini ilipopita. Watu walikwisha kujiaminisha kwamba mlezi akifurahi na tangi hufurahi, na mshale ukiwa juu walisema sokoni, "Leo Oresta kaamka vizuri." Nolasko mwenyewe aliyasikia hayo akiwa amesimama kwenye banda la maharage, siku aliyotoka safari.

"Shemeji, ulikuwa wapi?" muuza maharage alimwambia akicheka. "Ungeona wiki hii! Tumejaza hadi ndoo za kuogea. Sijui Oresta ana furaha gani."

Nolasko alilipa, akasahau maharage juu ya meza.

Furaha gani? Swali hilo alisafiri nalo, akapakia nalo mabua, akala nalo. Alianza kuwapanga wanaume wa Kalembwe mmoja mmoja akilini, na kila alipowapanga alifika kwa Didasi Mwanisawa, meneja wa ushirika. Didasi alikuwa mgane, mtu wa sauti ya chini na mashati yaliyopigwa pasi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ufunguo wa nyumba ya tangi mbali na Oresta. Tena ndiye aliyepanga safari za malori. Kwa nini barabara ya mteremko, ambayo kila dereva aliikimbia, iliangukia kwa Nolasko mara kwa mara? Mtu anayetaka kukaa na mke wa mwenzake angefanya nini kingine?

*

Siku moja aliaga kama kawaida. Oresta alimsindikiza hadi kwenye lori, akamrekebishia kola. "Nenda salama. Ukifika chini nipigie."

"Nitapiga."

Hakwenda mbali. Aliliingiza lori nyuma ya tanuri la matofali lililoachwa, akazima simu, akasubiri hadi jua lilipokuwa utosini, kisha akarudi kwa miguu akipitia nyuma ya milima ya mabua yaliyorundikwa uani mwa ushirika. Ukuta wa nyumba ya tangi ulikuwa na tundu la kupitishia hewa. Alisimama hapo, akamwona Didasi akiingia na chupa ya chai.

Oresta alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya tangi. Didasi alimmiminia chai, akampa, akakaa mbali naye, karibu na mlango. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani.

"Hujampata bado?"

"Simu haiiti, Meneja. Alisema atapiga akifika."

"Usijali sana. Ila huko chini nasikia mvua imeanza. Kuna lori limeanguka kona ya mawe mekundu. Bado hawajasema la nani."

Kikombe kilimponyoka Oresta. Nolasko aliisikia sauti iliyomtoka mkewe, sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia hata siku alipojifungua. Oresta alishika ukingo wa tangi, akatia mkono wake ndani kwa mazoea tu, kama mtu anayetafuta pa kujishikiza. Ukutani, juu ya kichwa chake, mshale ulianza kupanda.

Didasi aliutazama, akasubiri kidogo, akaokota vigae vya kikombe, akatoka.

Hakuna lori lililoanguka. Bondeni hakukuwa na tone la mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe hadi ng'ambo ya ziwa. Nolasko alimkamata Didasi nyuma ya lundo la mabua, akamshika shati kifuani.

"Unamfanyia nini mke wangu?"

Didasi hakujitetea. Alipomtambua aliyemshika, aliyafumba macho kidogo, kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo. "Niachie, nikueleze. Halafu ukitaka kunipiga, utanipiga."

Akaeleza. Kichuguu kikivunjwa, alisema, mchwa wa nje hutoa harufu ya hatari, na walio ndani huikimbilia kazi kwa nguvu mara nyingi kuliko kawaida. Vijidudu vya matumboni mwao vinaijua harufu hiyo. Vikiisikia, hula kwa haraka kana kwamba dunia inakwisha. Jasho la mtu mwenye hofu linakaribiana nayo. Walioiunda chachu walimwonya Didasi mwanzoni kabisa: mlezi asiishi kwa hofu, maana tangi litamnyonya.

"Watu wakajiambia ni furaha," Didasi alisema. "Niliwaacha waamini hivyo. Ule mwaka wa ukame mabua yalikuwa machache na jenereta ya upasuaji ilikuwa inazimika. Nikakutuma wewe mteremkoni, kwa bahati tu, na mshale ukapanda. Nikakutuma tena. Sasa ukimwambia, Nolasko, mshale utashuka. Na mdogo wako juzi kapasuliwa akapata mtoto, taa ya chumbani ikiwaka kwa spiriti hiyohiyo. Nikuambie nini mimi?"

Nolasko alipaswa kumpiga. Mkono ulikuwa tayari. Lakini kitu kilichokuwa kikimpanda kifuani hakikuwa hasira.

"Kwa hiyo mshale ule wote," aliuliza polepole, "ni kwa ajili yangu?"

"Ni kwa ajili ya nani mwingine?"

Akamwachia shati.

*

Hakumwambia Oresta. Alijisemea kwamba ni kwa sababu ya wagonjwa, na kwa siku chache aliamini hivyo.

Akiwa safarini sasa aliuangalia mshale kama mtu asomaye barua ya mapenzi. Ulipopanda, alitabasamu peke yake nyuma ya usukani. Aligundua kwamba akichelewa kupiga simu unapanda zaidi, basi akawa anachelewa. Akagundua kwamba akipiga, akasema maneno mawili na kukata kama aliyepotelewa na mtandao, unaruka. Akawa anakata. Nyumbani Oresta alikuwa amekonda. Usiku alishtuka akamgusa kifua kuhakikisha kwamba yupo. Nolasko alilala akiwa ameridhika, kisha asubuhi akamka akiwa na njaa ileile.

Maana wivu haukuondoka. Safari moja mshale ulipanda kidogo kuliko safari iliyotangulia, na alisumbuka njia nzima. Ameanza kuzoea? Au kuna mtu anayemtuliza? Nani anamwambia "usiogope, atarudi," na kwa sauti ya namna gani? Alikuwa akilionea wivu tangi lenyewe pia, kwa kuwa lilionja kile ambacho mkewe hakuwahi kumwonyesha yeye usoni. Kwa hiyo safari iliyofuata alikaa kimya zaidi.

Mvua za kweli zilipokuja, mto wa chini ulifurika. Madereva wawili waliokuwa bondeni waligeuza mapema, wakapanda. Nolasko alibaki. Alipanga chumba kwa mkulima mmoja kwenye kijiji kilichokuwa juu ya maji, upande wa mto wa kupandia mjini, ambako mtandao ulikuwa mzuri na paa halikuvuja, akaliegesha lori chini ya banda, akanunua kuku. Simu iliita. Jina la Oresta lilitokea, likapotea, likatokea tena. Hakupokea. Alifungua mshale.

Siku ya kwanza ulifika ulipowahi kufika. Siku ya pili uliuvuka mstari mwekundu. Ujumbe ulimiminika kutoka kwa wenzake: mjini kulikuwa na sherehe, matrekta yamejazwa, watoto wameruhusiwa kuwasha taa kutwa nzima. *Oresta anatukosha!* mmoja aliandika. Nolasko alikaa kibarazani, akanyonya mfupa wa kuku, akautazama mshale ukipanda, na hakuna siku maishani aliyojiona mume kama siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata mshale ulianguka. Haukushuka taratibu kama siku zote akirudi nyumbani. Ulianguka hadi chini, ukalala.

Wazo lililomjia kwanza lilikuwa kwamba mkewe amepata mwanamume wa kumfariji. Aliliwaza hilo kabla ya jingine lolote, tena kwa uchungu, na baadaye katika maisha yake hakuwahi kumwambia mtu.

Kisha akapiga simu. Ya Oresta haikupokewa. Akampigia Didasi.

"Uko hai?" Didasi alipiga kelele. "Mungu wangu, uko hai! Oresta ameondoka tangu kulipokucha, anakuja kukutafuta. Ameteremka kwa miguu, hakuna gari lililokubali. Nimemzuia hakusikia."

*

Alimkuta kwenye kona ya mawe mekundu. Udongo ulikuwa umeporomoka ukala nusu ya barabara, na Oresta alikuwa amepiga magoti ukingoni, akichungulia chini kwenye vichaka. Alikuwa akifanya hivyo kila kona tangu juu. Kanga yake ilikuwa imelowa tope hadi kiunoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umechubuka na kuvimba kwa kukaa kwenye tangi bila kutolewa.

Alisikia lori, akageuka. Alisimama kwa taabu, akaja, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayemgusa ng'ombe aliyepotea akapatikana. Hakulia. Alikuwa akipumua tu kwa mdomo.

Nolasko alishuka, akataka kumkumbatia. Yeye alikuwa akitazama magurudumu.

"Lori halina tope la mto," alisema.

"Mama Kasiana, panda kwanza. Umelowa."

"Wamesema mto umekuzuia. Wamesema labda umesombwa. Lori halina tope, Baba Kasiana."

Alipanda. Simu ilikuwa pale mbele ya usukani, iking'aa, imefunguliwa kwenye mshale. Oresta aliichukua. Aliuona mshale umelala, akaona na simu zake zote ambazo hazikupokewa, zimejipanga hadi mwisho wa kioo.

Hapo Nolasko akasema yote. Alianza na Didasi, akaeleza kuhusu mchwa, kichuguu na harufu, akaeleza kuhusu chumba cha upasuaji. Aliongea haraka, akilirundika kosa upande wa meneja. Oresta alimsikiliza bila kumkatiza.

"Meneja alinidanganya kwa ajili ya mji," alisema mwishowe. "Wewe ulinidanganya kwa ajili ya nini?"

"Nilitaka kujua kama unanipenda."

"Nimelala ubavuni kwako tangu ujana wangu," Oresta alisema, "na wewe ukaenda kuliuliza tangi."

Alipofika mjini aliomba ashushwe ofisini kwa ushirika.

*

Mkutano ulifanyika uani, mchana, mbele ya watu wote, Oresta akiwa amefungwa bendeji mkono wa kulia hadi begani. Alieleza kwa maneno machache. Didasi alisimama, akakiri, akaweka funguo mezani. Watu wengi waliinamisha nyuso, wakikumbuka taa walizowasha na ndoo walizojaza huku wakicheka.

Lakini mwenye mashine ya kusaga alisimama. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na alivua kofia kabla ya kusema. "Dada yetu, tunakuomba radhi. Uliyotendewa ni mabaya. Ila mvua hizi zina mwezi mzima mbele. Sasa kwa kuwa unajua, na kwa hiari yako... hakuna namna ya kuendelea kidogo? Mpaka barabara ifunguke tu."

Hakuna aliyemzomea. Hilo ndilo lililomtisha Nolasko, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa. Muuguzi wa zamu alikuwa akiangalia mikono yake. Kila mtu alijua kwamba wodini kulikuwa na wanawake wawili waliokuwa wakisubiri kupasuliwa.

"Hao wawili watapasuliwa," Oresta alisema. "Spiriti iliyomo kwenye mapipa yenu ilitoka kwangu, na mtairudisha leo, kila nyumba, iende hospitalini. Kuanzia kesho nitatia mkono wa kushoto kama mtu anayekwenda kazini, na mtapata kile anachotoa mtu anayekwenda kazini. Nitakuja na wanawake wengine, niwafundishe, watie mkono pamoja na wangu, chachu iwajue mmoja mmoja. Kikipungua kitu, tutagawana upungufu." Alimgeukia mwenye mashine. "Na akitokea mtu wa kumtisha mmoja wao, hata kwa utani, nitalifungua bomba la chini mwenyewe, uji wote uende mtoni."

Aliketi. Baada ya muda mtu mmoja aliondoka, kisha mwingine, na kabla ya jua kuzama madumu yalianza kurudishwa.

Oresta hakurudi nyumbani. Alihamia kwa dada yake, karibu na kanisa. Nolasko alimfuata mara nyingi, akaomba radhi mlangoni, akatuma wazee, akatuma na mchungaji. Oresta aliwapokea wote vizuri na kuwapa viti.

Msimu ulipokwisha, chachu ilikuwa imewajua walezi wanne. Majasho yao yalichanganyika, siku ya mmoja wao kugombana na mumewe ikawa ndiyo siku ya mwingine kuozesha binti, na mshale ukakaa chini kidogo ya kati, hauchezi. Mashine zilisaga kwa zamu. Matrekta yalisubiri. Nolasko aliendelea kuufungua kwenye simu yake kwa muda fulani, akiutazama kama mtu anayetega sikio ukutani asikie sauti moja kati ya nne. Hakusikia kitu.

Siku Kasiana alipofunga shule, Nolasko alipeleka sanduku lake kwa lori hadi kwa dada wa Oresta. Kabla hajashuka alimsikia Oresta akicheka ndani ya ua, kicheko kirefu kilichomkata pumzi mwenyewe. Nolasko alishika usukani kwa mikono miwili. Alitaka kumjua aliyemchekesha. Alitaka sana, mpaka meno yakamuuma.

Oresta alitoka akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. Alipomwona, uso wake ulitulia, lakini haukukunjamana.

"Umeshindaje, Mama Kasiana?"

Oresta alimtazama kidogo, kana kwamba swali lilikuwa geni kinywani mwa mumewe.

"Nimeshinda salama," alisema, akashika upande mmoja wa sanduku, naye Nolasko akashika wa pili.

Alisema salama. Nolasko alimtazama usoni, mkononi, machoni, na hapakuwa na mshale wala pengine pa kutazama. Wakaliingiza sanduku ndani.